Kumrudia Shujaa Aliyeachwa

Watoto wamekwisha lala, vyombo vimekwisha oshwa, na mtu mzima wa miaka arobaini hivi ameketi mbele ya kompyuta akijaribu kulikumbuka neno la siri ambalo hajapata kuliandika tangu siku zake za chuoni. Analikosea mara mbili. Mara ya tatu mlango unafunguka, na katika kioo anatokea mtu mwingine kabisa: mbilikimo mwenye ndevu nyekundu na nyundo ya vita, amesimama ndani ya nyumba ya wageni, mahali pale pale alipoachwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mavazi yake ni yale yale. Mkobani mwake umo mkate alionunuliwa kwa safari ya mwisho, nao haukuota ukungu. Yule aliyemwacha amekwisha oa, nywele zimeanza kurudi nyuma, na goti la kushoto humsumbua siku za mvua. Huyu aliyeachwa hakuzeeka hata kwa siku moja.

Kwa wazee jambo hili litasikika kama ngano, lakini hutokea kila usiku katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mchezo wenyewe huitwa World of Warcraft. Uliundwa na kampuni ya Blizzard ya mjini Irvine, California, ukafunguliwa Marekani tarehe 23 Novemba 2004, na Ulaya mwezi wa Februari 2005. Ilipofika mwaka 2010, waliokuwa wakiulipia walikuwa milioni 12, idadi ambayo ingetosha kuitwa taifa. Huko Marekani ada yake ni karibu dola 15 kwa mwezi, na kwa ada hiyo mtu hupata ruhusa ya kuingia, kwa njia ya intaneti, katika ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth, wenye mabara, bandari, misitu, majoka, mbilikimo na majitu ya kijani. Kila aingiaye humwumba mhusika wake, humpa jina, kabila na kazi, kisha humwanzisha katika daraja la 1. Kwa kuua wanyama wakali, kupeleka ujumbe na kuwatumikia wakubwa wa nchi ile, mhusika hupanda daraja hadi daraja. Hachezi peke yake: wale anaokutana nao njiani, wengi wao ni watu kweli, kila mmoja ameketi mbele ya kompyuta yake mahali fulani duniani.

Zaidi ya hayo, mchezo huo haukomi. Aliyeacha kucheza bao kwa miaka ishirini akirudi barazani atayakuta mashimo ni yale yale thelathini na mawili, kete ni zile zile sitini na nne, na sheria zile zile ambazo babu yake alizicheza. Kama amesahau, atacheka na kufungwa, kisha atakumbuka. Azeroth si hivyo. Mchezaji akizima kompyuta akaenda kulala, ulimwengu ule huendelea bila yeye. Na akikaa mbali kwa miaka, humpita kama basi lililojaa.

Kwanza huyaona mabadiliko katika hesabu. Mchezo ulipoanza, kilele kilikuwa daraja la 60. Mwaka 2007 kikawa la 70, mwaka 2008 la 80, mwaka 2010 la 85, na kikaendelea kupandishwa hadi mwaka 2018 kilipofika la 120. Hapo wenye mchezo wakaona ngazi imekuwa ndefu mno kwa mgeni, na mwaka 2020 wakaikata: aliyekuwa wa 120 akajikuta wa 50, na wa chini yake wakashushwa kila mmoja kwa kadiri yake. Basi mtu aliyeondoka akiwa bingwa wa daraja la 70, aliyekesha miezi kuipata heshima ile, hurudi akaambiwa kwamba daraja lake sasa ni la mwanafunzi wa katikati ya safari. Hakunyang'anywa chochote, ila vipimo vimebadilika, kama fedha ya nchi inapobadilishwa mwenye nayo akiwa safarini.

Halafu huyaona mabadiliko katika ardhi. Tarehe 7 Desemba 2010 lilitolewa toleo ambalo kisa chake ni joka kubwa lililopasuka kutoka chini ya nchi. Wenye mchezo hawakuongeza bara jipya tu kama walivyozoea, bali waliyavunja ya zamani. Kijiji cha pwani cha Auberdine, ambako maelfu ya wachezaji walisubiri meli yao ya kwanza, kiligeuka magofu. Nyika ya Barrens ilipasuliwa vipande viwili, na bonde kavu la Thousand Needles likajaa maji. Mtu aliyeondoka mwaka 2009 akirudi na kwenda kukitafuta kijiji alikojifunzia kutembea, atakuta mawe yaliyobomoka na mawimbi. Hata jina lake huenda lisiwepo: mwaka 2014 majina ya wahusika walioachwa kwa miaka mingi yaliachiliwa yachukuliwe na wengine, na mwenyewe akirudi hutakiwa kujibatiza upya.

Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa namna hii ni nini kilichomkaa moyoni usiku ule wa kwanza, mara nyingi hatasema habari za daraja wala za Auberdine. Atasema habari za orodha. Katika pembe ya kioo ipo orodha ya wanachama wa chama chake, na mbele ya kila jina imeandikwa ni lini mwenye jina hilo alionekana kwa mara ya mwisho. Walio ndani ya mchezo wakati ule majina yao hung'aa. Wasiokuwapo majina yao ni ya kijivu. Mrudi huisoma orodha hiyo kutoka juu hadi chini: miaka sita, miaka tisa, miaka kumi na mmoja. Yote ni ya kijivu. Ukumbi umewashwa taa na viti vimepangwa, lakini hakuna aliyeketi.

Hapa inafaa kueleza chama ni nini, maana bila ya hilo huzuni ya orodha haitaeleweka. Wazee waliowahi kusimuliwa habari za ngoma ya beni wataelewa upesi. Katika vyama vya beni vya zamani, tangu mwambao hata bara, karani na mchukuzi waliweza kupewa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Na mtu aliyekuwa akiamrishwa mchana kutwa, jioni alivaa kofia yake akaamrisha. Cheo kilikuwa cha kubuni, lakini michango ilikuwa ya kweli, na mwanachama alipofiwa waliokuja kumzika walikuwa wa kweli. Vyama vya Azeroth vilifanana na hivyo. Katika miaka ya mwanzo, mapambano makubwa yalitaka watu 40 kwa pamoja: wapo wa kupokea mapigo, wapo wa kuponya majeraha, wapo wa kushambulia, na mmoja tu akizubaa, wote 40 walikufa na kazi kuanza upya. Kuwakusanya watu 40 kutoka nchi mbalimbali, jioni mbili tatu kila wiki, saa ile ile, si jambo dogo. Wapo wakuu wa idara wasioliweza. Watu hao walizoeana kwa sauti. Walijua mtoto wa nani analia nyuma, ni nani anafanya mtihani kesho, ni nani ameachwa na mchumba. Wengi wao hawakuonana uso kwa uso hata siku moja.

Kisha mwezi wa Desemba 2009 kikaja chombo cha kurahisisha mambo. Kabla ya hapo, aliyetaka wenzake wanne wa kuingia nao pangoni alisimama mjini akiita, akajadiliana, akangoja, na wote wakasafiri kwa miguu au kwa farasi hadi mlangoni. Chombo kipya kilifanya kazi hiyo chenyewe: mtu alibofya, naye akaunganishwa na wanne wasiomjua, hata kutoka seva nyingine, wakarushwa moja kwa moja hadi ndani, wakamaliza kazi kwa nusu saa, wakatawanyika bila ya kwaheri. Wachezaji walikishangilia, na ni haki yao, kwani kungoja kunachosha. Miaka ikapita ndipo wengi walipotambua kwamba ndani ya kule kungoja ndimo urafiki ulimokuwa ukipikwa.

Basi yakatokea mambo ya ajabu kidogo. Watu wakaanza kuutaka mchezo wa zamani, ule wa taabu. Mwaka 2015 lilifunguliwa, bila ya malipo na bila ya idhini, jukwaa lililoitwa Nostalrius, lililouhuisha mchezo kama ulivyokuwa mwanzo. Waendeshaji wake walisema kwamba waliojiandikisha walifika 800,000, na waliokuwa wakicheza kwa bidii 150,000. Blizzard wakatumia sheria, na tarehe 10 Aprili 2016 likafungwa. Wachezaji wakaandika ombi, likatiwa sahihi zaidi ya 200,000. Kabla ya hapo, mwaka 2013, mkubwa mmoja wa mchezo huo, J. Allen Brack, alipoulizwa hadharani kama siku moja toleo la zamani litarudishwa, alijibu kwamba watu hudhani wanalitaka, lakini kwa kweli hawalitaki. Jibu lile liliwakera wachezaji kwa miaka. Mwezi wa Novemba 2017 ni yeye yule aliyepanda jukwaani kutangaza kwamba litarudishwa.

Milango ilifunguliwa mwishoni mwa Agosti 2019. Waliotaka kuingia walikuwa wengi hata kwenye seva kadhaa foleni ilikuwa ya watu zaidi ya elfu kumi, na mtu aliweza kutoka kazini, kupika, kula na kuoga kabla zamu yake haijafika. Wakiisha kuingia, wakakuta foleni nyingine. Adui aliyetakiwa kuuawa ni mmoja, na wanaomtaka ni mamia. Basi wachezaji, bila ya kuamriwa na askari yeyote, wakajipanga mstari mmoja porini, kila mtu nyuma ya mwenzake, wakingoja zamu ya kumwua. Wanaojua adha ya foleni ya sukari watashangaa kusikia kwamba wapo waliolipa fedha ili wapange foleni, na wakaifurahia.

Walikipata walichokitafuta? Kwa sehemu. Auberdine ilisimama tena, na meli ilifika. Lakini pana tukio moja linalosema mengi. Ragnaros, bwana wa moto, alikuwa mkuu wa maadui katika pango la Molten Core. Mara ya kwanza, mchezo ulipokuwa mpya, hakuna chama kilichoweza kumwangusha hadi tarehe 25 Aprili 2005, yaani miezi mitano baada ya mchezo kufunguliwa. Mwaka 2019 alianguka kabla ya wiki moja kutimia. Ragnaros hakupungua nguvu kwa kiasi hicho. Watu ndio waliokuwa wamekwisha jua. Kila njia ilikuwa imeandikwa, kila silaha imepimwa, kila dakika imehesabiwa. Kampuni iliweza kuurudisha msitu, lakini haikuweza kumrudishia mtu ule ujinga mtamu wa kuingia msituni asijue kilicho mbele, wala saa tano za jioni za kijana asiye na mtoto wala mshahara wa kuwahi.

Habari hizi za saa ndizo zinazoleta mzozo nyumbani, na si vyema kuzikwepa. Ndani ya mchezo imo amri ndogo ambayo mchezaji akiiandika huambiwa jumla ya muda aliomtumikia mhusika wake. Mtu aliyecheza kwa miaka kadhaa aweza kuambiwa siku 150. Hizo si siku za ofisini; ni siku za saa ishirini na nne, jumla saa 3,600. Kwa mtumishi wa saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kazi ya wiki 90. Mke anayemwona mumewe akirudi huko ana haki ya kuuliza wiki nyingine 90 zitatoka wapi, na kama zitakatwa katika usingizi wake au katika masomo ya watoto. Shirika la Afya Duniani nalo limeutaja ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya namna hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Linalopendeza ni kwamba madaktari hawakuweka idadi ya saa. Walitazama kama mtu ameshindwa kujizuia, kama mchezo umeyapita mambo yake mengine yote, na kama anaendelea ingawa anaona madhara, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12 au zaidi. Mtu anayeingia saa mbili Jumamosi kumtazama mbilikimo wake hayumo humo. Anayemficha mkewe risiti za ada, huyo na ajitazame.

Lakini swali la saa, japokuwa ni la haki, lina jingine nyuma yake, na wazazi wawili wa Norway walilijua hilo kwa njia ngumu. Mwana wao, Mats Steen, aliyezaliwa mwaka 1989, alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli tangu utotoni hadi mgonjwa ashindwe kutembea, na mwishoni hata kupumua. Alifariki mwezi wa Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Katika miaka yake kumi ya mwisho inakadiriwa alicheza kati ya saa 15,000 na 20,000. Baba yake, Robert, na mama yake, Trude, walizihuzunikia saa hizo, wakiamini kwamba mwana wao ameishi bila ya rafiki, bila ya kupenda, bila ya kumfaa mtu. Mats alikuwa amemwachia baba yake neno la siri la ukurasa wake wa maandishi. Baba akaandika humo kwamba mwana amefariki, akaweka anwani yake kwa yeyote atakayependa kuandika.

Barua zikaanza kuingia usiku ule ule, kutoka nchi mbalimbali, zikimtaja mtu aitwaye Ibelin. Huko Azeroth, Mats alikuwa Ibelin, mtu hodari, mwenye mabega mapana, aliyependa kukimbia kila aingiapo mchezoni. Naye alikuwa mwanachama wa chama kiitwacho Starlight. Wengi wa wenzake kwa muda mrefu hawakujua kwamba anayekimbia vile ameketi kitini na aweza kuvisogeza vidole tu. Walijua kwamba ni msikilizaji. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi Ibelin alivyomsaidia kuzungumza tena na mwanawe, kijana mwenye usonji asiyependa kukumbatiwa; kwa shauri lake walianza kukumbatiana ndani ya mchezo. Siku ya mazishi mjini Oslo, wanachama walisafiri kutoka nchi kadhaa, na wasio na nauli walichangiwa na wenzao. Wazazi walikutana nao hapo kwa mara ya kwanza. Habari hizo ziliandikwa katika magazeti ya nchi nyingi, na mwaka 2024 zikatolewa katika filamu ya mwongozaji Benjamin Ree.

Starlight wameendelea kukusanyika Azeroth kila mwaka kumkumbuka Ibelin. Kwa mchezo uliopandisha na kushusha madaraja, ukabomoa vijiji na kuvijenga upya, ni jambo la kustahili kutajwa kwamba adhimisho hilo halikuamriwa na kampuni. Ni watu tu, walioafikiana siku na mahali, wakaja.

Na yule mtu mzima wa miaka arobaini? Usiku ule wa kwanza hakupigana na yeyote. Alimtembeza mbilikimo wake hadi bandarini, akatazama meli mbili zikija na kuondoka, kisha akairudia ile orodha ya kijivu. Katika jina la nane akakumbuka kwamba mwenye jina hilo, muuguzi wa Ureno aliyekuwa akimponya kila Alhamisi kwa miaka miwili, aliwahi kumpa anwani ya barua-pepe. Akazima mchezo, akaandika mistari minne kwa Kiingereza cha shuleni, akaenda kulala. Asubuhi, alipokuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu, jibu likafika. Muuguzi ni mzima, ana watoto wawili, bado yuko zamu ya usiku, na neno lake la siri amelisahau kabisa. Aliuliza kama kijiji cha Auberdine bado kipo.